Shimo la Matete

Juzi, huku Kagugu, jirani yangu alifungua pipa la majani aliyoyavundika kwa ajili ya ng'ombe wake. Harufu yake ya uchachu, kama ya pombe ya ndizi, ilinifikia uani, nikakaa chini.

Kwetu Ndera tulivundika kwenye shimo. Mchana mmoja wa mvua, Mama alikatakata matete kwa panga, akayanyunyizia molasi, nasi watoto tukayakanyaga kwa miguu mitupu mpaka yakashikamana. Kisha akayafunika kwa plastiki na kurudishia udongo juu yake. Tulikuwa tumemzika babu siku chache tu nyuma, kwa hiyo mimi niliona mazishi mengine, nikashangaa kwamba safari hii tuliruhusiwa kukanyaga.

"Mama, nani amekufa?"

Aliketi juu ya ule udongo, mikono imelegea. "Hakuna, mwanangu. Hicho ni chakula cha Gaju. Kiangazi tutamfungulia."

Gaju alikuwa ng'ombe wetu wa pekee. Sikumwamini Mama. Kitu kilichofukiwa hivyo, bila hewa, niliona kitaoza tu. Nikachuma maua nikayaweka juu, naye akaniacha.

Sasa najua kwamba hewa ndiyo inayoozesha. Kiangazi kile kilipofika, vita vilikuwa vimeshapita kwetu; nilikuwa ng'ambo ya mpaka kwa shangazi, na Mama hakuwepo tena, wala Gaju. Shimo sijui lilifunguliwa na nani.

Jirani aliniuliza kama harufu inanikera, afunike pipa. Nikamwambia hapana, aliache wazi kidogo.