Bi Hakiki na Ufunguo wa Duka

Watu wa mtaa ule wana midomo, na nalisema bila kumwogopa mtu. Mama wa watu ni mgonjwa, wao wakambandika jina: Bi Hakiki. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye duka la dobi, na kwa kola ya shati hakuwa na mpinzani. Balaa lilikuwa jioni. Anachomoa pasi, anaondoka, akifika kona roho inamwambia: hukuchomoa. Anarudi, anachungulia dirishani, imechomolewa. Akifika kona tena: labda hukuona vizuri. Atarudi na kurudi mpaka miguu ivimbe, na wauza genge wanashika mbavu kwa kucheka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini wao watajuaje?

Daktari alimwambia ule si upumbavu wala si mapepo, ni ugonjwa, na unatibika. Akamwekea programu kwenye simu. Kila jioni akifika nyumbani anaifungua, inamuuliza hofu yake imefika ngapi, sifuri hadi kumi, kisha inamtaka akae nayo. Asirudi dukani, asimuulize mtu, asiambiwe "usijali, umechomoa." Akae tu mpaka hofu ichoke yenyewe. Wee! Siku za mwanzo alilia kwa hasira, akaitukana simu matusi ya nguoni. "Kidude hakina hata moyo, kinanifundisha mimi kuogopa!"

Lakini alikaa. Polepole kumi ikawa saba, saba ikawa nne. Mumewe, fundi bomba mwenye maneno machache, alikuwa akirudi kutoka kazini na kumkuta amemaliza, anamsifu: "Mke wangu, wewe ni shujaa." Naye alimwamini.

Mwenye duka, mama mtu mzima anayeishi ghorofani juu ya duka, ndiye aliyekuwa akishuka kulifunga kila siku. Sasa binti yake amejifungua mji mwingine, anataka kwenda kumsaidia, na duka lazima liwe na mfungaji. Bi Hakiki aliutaka ufunguo ule kuliko kitu chochote. Aliutaka wauza genge wamwone nao mkononi, wafunge midomo yao.

"Nakuachia wewe, mwanangu," mwenye duka akamwambia. "Wala sina wasiwasi. Hata ukisahau pasi, mumeo si yupo? Kila jioni ukishaondoka anapita kuchungulia dirishani."

"Nani?"

"Mumeo. Kwani hujui? Mimi nilidhani mmepangana."

Damu ikamchemka. Jioni zote zile yeye anatetemeka kitini, kumbe mtu yuko dirishani anamhakikia! Na wauza genge wanaona. Mtaa mzima unajua isipokuwa yeye.

"Mama, ufunguo huo unanipa mimi au unampa yeye? Kama ni wake, mpelekee. Na kesho aje apige pasi!"

Mwenye duka alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamwekea ufunguo kiganjani. "Ni wako. Nisamehe, mwanangu."

Jioni ile alifunga mwenyewe, akaenda nyumbani moja kwa moja bila kugeuka, kwa hasira tu. Akamkuta mumewe, siku hiyo kawahi kurudi, kajiinamia mlangoni, anafunga kamba za viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kununua sabuni."

"Sabuni ipo! Unakwenda dirishani. Siku zote unanivisha kilemba cha ukoka, shujaa, shujaa, kumbe huniamini hata chembe!"

"Nilitaka kukusaidia."

"Kunisaidia! Daktari alipoongea ulikuwa umekaa pembeni yangu, masikio uliyaacha wapi? Kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

Fundi bomba akakaa chini kwenye kizingiti. "Mke wangu, mimi nisipopita pale silali. Naona duka linaungua, na wewe unawekwa ndani na polisi. Nikishauona ule waya umechomolewa, ndipo roho inatulia."

Alimtazama. Maneno hayo aliyajua, yalikuwa yake. Msidhani hasira ziliisha, zilipanda! Kumbe yeye alikuwa akiungua kitini huku mwenzake anajipoza dirishani, kisha anakuja kumpongeza.

"Vua viatu. Leo huendi."

"Lakini umechomoa, siyo?"

Alimwekea simu mapajani, akamwambia achague namba. Mwanamume mzima akabonyeza tisa, jasho linamtiririka shingoni.

"Niambie tu, basi. Umechomoa?"

Neno moja lingemtuliza. Yeye mwenyewe alishalilia neno hilo hilo kwa machozi, akijua fika kwamba likishasemwa litatakiwa tena. Alikaa kando yake, hasira bado hazijamtoka, akamshika mkono kwa nguvu asiinuke, na neno hakulitoa.