Mfinyanzi Aliyeogopa Mawingu

Mvua za mwaka huo ziliingia Ufipa na radi, na radi ikaangukia kwa Kasmir. Ilikuwa mchana, wingu limetanda hadi kwenye vilima, watu wanakimbilia majumbani na majembe begani. Mwanga ukapiga, mshindo ukatikisa mabati ya kijiji kizima, na waliofika kwanza zizini waliwakuta maksai wake wa kulimia wamelala ubavu, miguu imekakamaa.

Stefania, jirani yake, alikuwa miongoni mwa waliokimbilia pale. Alipojipenyeza ili atoe pole, watu walimpisha. Walimpisha upesi mno, kama wanavyowapisha nyuki. Hapo akakumbuka maneno yake mwenyewe.

Stefania ni mfinyanzi. Katika kile kijiji, mbele kidogo ya Kaengesa, karibu kila jiko lina chungu chake cha maharage. Udongo anauchimba bondeni mwenyewe, anautwanga pamoja na unga wa vigae, anafinyanga, kisha anasugua kwa jiwe laini la mtoni mpaka chungu king'ae. Mumewe alishafariki, na bintiye wa pekee, Herieth, ameolewa mjini Sumbawanga, pale Mazwi.

Siku chache kabla ya radi, maksai wa Kasmir walikata kamba wakaingia uani kwake na kukanyaga vyungu vyote alivyokuwa ameanika. Alimkuta Kasmir bombani, akamweleza. Kasmir akacheka. "Ng'ombe hajui chungu, mama. Finyanga vingine."

"Haya, cheka tu," Stefania alimjibu mbele ya watu. "Mungu ndiye atakayekujibu."

Ndiyo hayo maneno. Yalipita mdomo hadi mdomo, na kila yalikopita yalibadilika kidogo. Mwanzoni alikuwa amemtaja Mungu. Baadaye ikasemekana alinyoosha kidole mbinguni. Mwisho ikawa alitaja radi yenyewe, kwa jina na kwa siku.

Akifika bombani, mazungumzo yanakatika. Watoto waliozoea kumkimbilia na shikamoo wakawa wanazunguka njia nyingine. Asubuhi moja alikuta mlangoni chungu alichomuuzia mtu mwaka uliopita, kimeoshwa, kimerudishwa bila neno. Aliacha kuchoma vyungu kwa kuhofia moshi utawakumbusha watu kwamba yupo. Hata kioo alikigeuzia ukutani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na alijua vizuri watu husema nini juu ya kikongwe mwenye macho mekundu.

Herieth alipiga simu. "Mama, nimesikia. Panda gari la leo uje."

"Nikiondoka watasema nimekimbia."

"Na ukibaki?"

Stefania alikuwa akisikiliza nje. Pikipiki ilikuwa inapita barabarani, naye alikuwa ameshikilia pumzi mpaka ipite.

Kisha habari ikaja kwamba vijana wamewaita lambalamba, wale waganga wa kuzunguka wanaojidai kunusa wachawi. Wangefika Jumamosi.

Jioni ya Alhamisi ilikuwa zamu ya nyumba yake kupokea sala ya jumuiya. Alifagia, akatandika mikeka, akaweka msalaba na mshumaa juu ya meza. Hakuja mtu. Alianza rozari peke yake, akasikia hatua uani. Rozari ikamdondoka. Akili ilimwambia ni vijana, kwamba hawakungoja Jumamosi.

"Hodi, mama Herieth."

Alikuwa Mariana, mke wa Kasmir.

"Karibu, mama Modesti," Stefania alisema. "Mumeo anajua uko huku?"

"Anajua. Alinikataza." Mariana alivua kandambili, akaketi mkekani. "Mama yangu mzazi walimfukuza hivi hivi, kule upande wa Namanyere. Mimi ndiye niliyembebea mkeka kichwani. Majirani wote walikuwa ndani, milango wamefunga. Nilikuwa nawasikia wakikohoa." Akaiokota ile rozari, akampa. "Tuanze. Wenzetu watatukuta njiani."

Walifika kwenye fumbo la tatu la rozari ndipo mwanamke mmoja akaingia, akafuatwa na mwingine. Hawakujaza mikeka, na wawili walikaa karibu kabisa na mlango. Lakini walikuja.

Jumamosi wanawake wale wale walikaa uani kwa Stefania wakichambua maharage. Ngoma ilisikika tangu mbali. Lambalamba walitokea na kengele miguuni, nyuma yao kundi la vijana, na Kasmir akiwa katikati yao. Stefania alikuwa ameshika udongo mbichi mikononi. Aliubana hadi ukamtoka katikati ya vidole.

"Mwenye nyumba asimame," alisema mkubwa wao.

Mariana ndiye aliyesimama. "Maksai waliokufa ni wa kwangu. Aliyepata hasara ni mimi, na mimi sijamwita mtu."

Yule mganga akamgeukia Kasmir. Watu wote wakamgeukia Kasmir. Alikuwa akichora vumbi kwa kidole cha mguu, na Stefania aliona kwamba yule mwanamume naye anaogopa, anawaogopa wale vijana waliomzunguka, anaogopa kuonekana mjinga mbele ya mkewe. Uhai wa mtu ulikuwa umening'inia kwenye mdomo wa mwoga.

"Mke wangu ameshasema," Kasmir alisema mwishowe, akaondoka bila kutazama nyuma.

Lambalamba wakaendelea na safari. Kwenye kitongoji cha pili walimtoa mzee mmoja nyumbani kwake, wakamnyoa kichwa kwa wembe mkavu mbele ya wajukuu zake. Hakuna aliyesimama kwa ajili yake. Stefania aliposikia, alitapika.

Sasa vyungu vyake vinanunuliwa tena, na salamu zimerudi. Hata yule aliyerudisha chungu alikuja kukichukua, akidai alikuwa amekileta kizibwe ufa. Stefania alimpa bila kubishana. Siku hizi habishani na mtu.

Lakini wingu likianza kujikusanya juu ya vilima, anafunika vyungu vyake kwa magunia, anajitanda khanga, na kwenda kwa Kasmir. Anakaa jikoni na Mariana wakipukuchua mahindi mpaka mvua iishe.

Siku moja Kasmir alimuuliza, "Kumbe unaogopa radi namna hii, mama?"

"Ikipiga kwangu, ni ajali," alijibu. "Naogopa isije ikapiga kwenu na mimi sipo, watu wakaanza tena kusema."

Kasmir alitazama nje. Radi ilinguruma upande wa bondeni, naye Stefania akasogea karibu zaidi na Mariana, mkono wake ukitafuta hindi lingine.