Droni Iliyokataa Kushika Rimoti

Mwanangu, ile Jumamosi bado naiona waziwazi. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, lakini furaha ilinirudisha ujanani, na kosa nililolifanya lilikuwa la kijana hasa.

Nilikuwa nimenunua droni mbili ndogo za kuchezea, za aina moja, kwa Mariamu, binti mwenye duka la simu hapa Likoni. Moja yangu, ya pili ya ndugu yangu Athumani anayekaa Kiembeni. Ijumaa nilizifungua zote sebuleni, nikazishikashika kama mtoto siku ya Idi, kisha nikampelekea Athumani yake.

Asubuhi nikatoka kwenda uwanja wa shule, moyo unanidunda. Nikawasha rimoti, nikawasha droni. Taa zake zikawa zinapepesa. Mariamu alikuwa ameniambia kwamba zikitulia ndipo nijue droni na rimoti zimeungana. Basi zangu hazikutulia. Nikazima, nikawasha tena. Nikabadilisha betri. Nikahamia kivulini nikidhani ni jua. Wapi! Hasira zikanipanda, nikaenda moja kwa moja dukani, na mbele ya wateja watatu nikamwita yule binti mwizi.

"Niachie niitazame, ami," akasema kwa upole.

Sikumwachia.

Nyumbani nilimkuta shangazi yangu, Bi Zuhura, mwalimu mstaafu. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote nikitaraji anionee huruma. Hakunionea. Aliomba miwani yake na ile karatasi ya maelekezo, ambayo mimi hata kuikunjua sikuwa nimeikunjua. Aliisoma mpaka mwisho, kisha akaigeuza droni, akaigeuza na rimoti. Kila kimoja kilikuwa na namba ndogo mgongoni, na karatasi ilisema namba hizo lazima zifanane. Hazikufanana.

"Rimoti hii ni ya Athumani. Aliyezichanganya ni wewe," akasema. "Na yule binti ulimwita nani?"

Nikampigia Athumani, kumbe naye alikuwa akihangaika na yake tangu asubuhi. Nikavuka feri mbio mpaka Kiembeni, tukabadilishana rimoti, tukatoka nje. Wallahi, mwanangu, zile taa zilipotulia na panga zikaanza kuzunguka na kuvuma, niliruka kabla ya droni kuruka! Zikapanda zote mbili, zikapita mapaa ya mabati, zikapita minazi, na sisi watu wazima chini tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Kesho yake nilirudi kwa Mariamu, nikamwomba radhi mbele ya waliokuwepo.

"Nimekusamehe, ami," akasema. "Ila waliokusikia jana, leo hawapo."

Nikaanza kuwatafuta. Wawili niliwapata, nikawaeleza kuwa kosa lilikuwa langu. Wa tatu alikuwa mama mmoja mwenye kikapu. Sikujua jina lake wala anakokaa. Mpaka leo sijamwona.

Kwa hiyo, mwanangu, chombo kikikukatalia, anza kuchunguza mikono yako mwenyewe. Soma karatasi. Uliza. Jina la mtu usiliguse mpaka uwe na hakika, maana droni utaiunganisha upya ikashika, lakini neno lililokwisha kuondoka na mpita njia, huna pa kulifuata.

Mola akujaalie mikono mitulivu, akufanyie ulimi wako mzito wa kulaumu na mwepesi wa kuomba radhi, na kila ukirushacho kwa halali kipae. Amin.