Sketi Ambazo Sikuwahi Kuziona Zikizunguka

Kama hujawahi kushona sketi ya duara, acha nikueleze kidogo. Sketi ya kawaida unaikata vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, unaviunganisha, umemaliza. Sketi ya duara ina vipande vingi, vyembamba kiunoni na vipana chini, na ukishaviunganisha unapata kitambaa kingi ajabu. Mtu akiivaa na kusimama tu, kitambaa chote kinalala miguuni, kizito, hakina habari. Mpaka azunguke ndipo inafunguka.

Hilo la kufunguka nilikuwa nalijua kwa kuambiwa. Katika miaka ya themanini nilikuwa na cherehani yangu kwenye veranda ya duka moja la vitambaa mjini Kisumu. Kila mwaka, mvua fupi zikikaribia, wanawake wa Kihindi waliniletea vitambaa vyekundu, vya kijani na vya manjano, vingine vimeshonewa vioo vidogo, niwatengenezee sketi za sikukuu yao ya siku tisa. Katika sikukuu hiyo watu hucheza kila jioni. Nilishona nyingi hadi nikawa naziota. Lakini kuiona hata moja ikizunguka, hapana.

Si kwamba sikualikwa. Mwenye duka alikuwa mwanamke aliyezaliwa hapo hapo Kisumu, na Kiluo alikisema kuwashinda watoto wangu. Kila mwaka aliniita. "Fundi, leo jioni kuja uone kazi yako." Nami kila mwaka nilikuwa na jibu. Mtoto ana homa. Nina sare za shule za kumaliza. Mwaka mmoja nikamwambia magari ya kwetu Nyamasaria huisha mapema. Akasema dereva wake atanifikisha nyumbani. Nikasema basi, nitaona. Nadhani hata wewe umewahi kumwambia mtu "nitaona", na unajua huwa tunamaanisha nini.

Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilijiwazia nimesimama ukutani kwenye ukumbi wao, mgeni peke yangu, sijui mikono niiweke wapi.

Miaka ikaenda hivyo, tukaingia ya tisini. Siku moja, katikati ya sikukuu, mwenye duka alinijia na habari. Watoto wake walikuwa wamehamia ng'ambo na walimtaka awafuate. Duka angeliacha kabla ya mwaka kwisha. Alinieleza huku akikunja kitambaa, bila kuniangalia.

"Hii ndiyo ya mwisho, Fundi. Mwaka ujao nitaambia nani kuja?"

Siku ile nilikanyaga cherehani na mishono yote ikaenda kombo. Nilikuwa nafikiria zile jioni zote nilizozikataa, na jinsi nilivyozikataa kwa wepesi, kana kwamba zimehifadhiwa mahali zikinisubiri. Fundi mwenzangu, aliyeshona suruali kando yangu, akaona ninafumua kitu kile kile mara ya pili.

"Mama, si uende tu."

"Nikafanye nini huko?"

"Ucheze."

"Sijui kucheza kwao."

"Hata kwetu hujui. Nilikuona kwa harusi ya binamu yangu. Na bado chakula kililiwa."

Nikaenda. Nilivaa nguo yangu ya kanisani, nikapita mtaa mmoja, wa pili, na jua lilikuwa halijazama nilipofika kwenye ukumbi. Nje ya mlango niliwakuta wateja wangu karibu wote. Walikuwa wameinama. Mwenye duka alikuwa na pini tatu mdomoni, anakunja upindo wa sketi ya binti mmoja na kuubana. Na mwingine vivyo hivyo, na mwingine. Waliponiona wakatulia, kama watoto waliokutwa kwenye kopo la sukari.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

Mwenye duka akatoa pini mdomoni. "Usikasirike, Fundi. Ni refu kidogo."

"Kidogo?"

"Tunakanyaga, tunaanguka. Kila mwaka tunapinda."

"Kila mwaka, na hakuna aliyeniambia?"

"Tumekwambia. Tumesema kuja uone."

Nilicheka hadi nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimewapima wakiwa wamesimama wima na viatu vyao, sketi iguse chini, kwa sababu nguo ndefu ya heshima hupimwa hivyo. Kumbe wao hucheza miguu mitupu, na magoti wanayakunja. Nani angelijua hilo akiwa amekaa veranda? Niliomba pini nikapiga magoti pamoja nao, na kwa kuwa hiyo ni kazi yangu, tulimaliza upesi.

Ndani, ngoma ilianza. Watu walipanga mistari miwili inayotazamana, kila mmoja na fimbo mbili fupi. Unagonga za mwenzako kulia, kushoto, kulia, unazunguka, unagonga tena, halafu unasonga kwa mtu mwingine. Na walipozunguka, sketi zangu zilifunguka zote kwa pamoja. Jamani. Vile vipande nilivyovikata kimoja kimoja vilipaa vikawa miavuli, vioo vikatupa nuru mpaka darini, na mimi nikawa namwonyesha kila aliyenipita: ile yangu, na ile, na ile pia.

Mwenye duka akanitia fimbo mikononi na kunisukuma kwenye mstari. Nilianza kwa kumgonga mzee mmoja kidole.

"Pole, Mzee."

"Songa, Mama, songa. Pole utaniambia ukirudi."

Na kweli mstari ulinirudisha kwake, akanyoosha fimbo zake mbali kabisa na mwili, kama anayemfukuza nyoka. Tukacheka hadi tukapoteana na ngoma. Hakuna aliyenitazama kwa ubaya. Hakuna aliyekuwa na nafasi hiyo. Kila mtu alikuwa anatafuta fimbo inayofuata.

Jioni nilizozikataa bado nazihesabu kuwa hasara, na sitaki kukudanganya kwamba ile moja ilizilipa. Lakini yale niliyoyaogopa miaka yote yaliisha kabla sijafika mwisho wa mstari. Kwa hiyo kama kuna mtu anayekuita na wewe unamwahirisha, nenda, hata ukiwa umechelewa. Ukifika utaelekezwa.

Kesho yake mapaja yalikataa kukanyaga cherehani. Fundi mwenzangu akauliza kulikuwaje. Nikachukua rula mbili, nikampa naye mbili, nikamfundisha hapo hapo veranda, kulia, kushoto, kulia, huku mteja wa suruali akisubiri. Mwenye duka alitoka akatushika viuno kutusahihisha. Zilikuwa zimebaki jioni mbili, na saa kumi na moja nilifunika mashine yangu, nikaifunika na ya fundi mwenzangu bila kumwuliza, twende naye ukumbini.