Siku Merle Arrieta Alipokataa Kuuza

Katika mji wa Dry Willow, Wyoming, hakuna aliyeona ajabu kwamba Merle Arrieta aliuza bunduki upande mmoja wa duka na vitabu vya katuni upande wa pili. Upande wa bunduki aliurithi kwa baba yake. Wa katuni aliuanzisha mwenyewe, na mkewe Noreen alizoea kusema kwamba upande mmoja unawalisha na mwingine unamzuia mume wake asizeeke.

Merle alikuwa mtu mnene, mpole, fundi wa kuichukua bunduki iliyoliwa na kutu akairudisha inateleza kama iliyoundwa jana. Haki ya kubeba silaha aliipenda jinsi wengine wanavyopenda wimbo wa kanisani. Maneno yenyewe ya katiba aliyatundika nyuma ya kaunta, na mteja aliyeuliza, na hata asiyeuliza, alisimuliwa habari za babu yake, Mbaski wa kutoka Ulaya, aliyehamia milima hii kuchunga kondoo akitoka kwao ambako maskini akionekana na bunduki alitiwa pingu.

"Babu alisema, serikali inayomwachia mchungaji bunduki yake ni serikali inayomhesabu kuwa mtu," Merle alisema. "Mimi sijaona la kuongeza."

Jumamosi asubuhi rafiki yake Gus Lindqvist aliteremka kutoka shambani kwake na mbwa wake, Biscuit, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Gus alikuwa mfugaji wa kondoo, mrefu, mkavu kama mti wa uzio. Nyumbani alikuwa na bunduki kama kila mtu, lakini shujaa wake tangu utotoni alikuwa Mkono Mtupu, yule jitu wa kwenye katuni aliyeapa kutogusa silaha. Wa Merle alikuwa Jaji wa Vumbi, mwenye barakoa na bastola mbili.

"Bastola mbili, na kila toleo anapigwa mpaka kofia inaanguka," Gus alimchokoza. "Huyo si shujaa, huyo ni mteja wako."

"Na wako je? Mtu anarusha trekta kwa kidole kimoja, halafu anajisifu hana silaha! Silaha ni yeye mwenyewe, bwana wee. Katiba haikuandikwa kwa ajili ya watu wanaoruka. Imeandikwa kwa ajili yetu sisi tunaopanda ngazi tukihema."

"Hema wewe. Mimi ngazi napanda."

Waliendelea hivyo hadi Ardith, mke wa Gus, alipopiga simu kuuliza kama mumewe ameoa dukani. Watu walikuja kununua risasi wakakaa kusikiliza tu.

Kisha vuli moja Ardith akaugua, na kabla theluji haijatanda milimani akafariki. Merle na Noreen walibeba jeneza pamoja na majirani, wakapeleka chakula, wakakaa na Gus. Gus alishukuru, akasema yuko sawa. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala nyingine. Merle akipiga simu aliambiwa, "Kazi nyingi, Merle, kazi nyingi," na kondoo wakati huo hawana kazi nyingi.

Siku aliyotokea haikuwa Jumamosi. Aliingia kabla ya saa sita mchana, amenyoa ndevu, amevaa koti alilomzikia mkewe. Moyo wa Merle ulifurahi. Akanyoosha mkono kwenye rafu kumpa toleo jipya la Mkono Mtupu alilomwekea. Gus hakulitazama. Alienda moja kwa moja upande wa pili.

"Nataka bastola."

"Ya nini?"

"Koyote wanakula kondoo wangu."

"Koyote kwa bastola? Ile bunduki yako ya masafa marefu imekufa?"

"Merle, unauza au huuzi? Nipe hiyo hapo."

Hiyo hapo ilikuwa iliyokuwa karibu zaidi tu. Gus hakuinyanyua, hakuuliza aina wala uzito, yeye ambaye hununua hata jembe baada ya kuligeuza mara kumi. Merle alichungulia dirishani. Gari la Gus lilikuwa tupu.

"Biscuit yuko wapi?"

"Nimempa jirani. Anapenda watoto, na kwangu hakuna watoto."

Mbwa yule Gus alilala naye jikoni wakati wa dhoruba. Merle akalifungua kabati, akaichukua ile bastola, akaiweka nyuma kabisa, akafunga kwa ufunguo.

"Sikuuzii, ndugu yangu."

Wawindaji wawili waliokuwa wakichagua glavu waligeuka. Uso wa Gus uliwaka. Alinyoosha kidole ukutani. "Soma! Soma hapo ulipoyatundika mwenyewe! Miaka yote umetuhubiria kwamba hakuna wa kuniuliza ya nini. Leo wewe ndiye serikali?"

"Serikali ikikukataza nitasimama na wewe mbele ya jaji. Mimi si serikali. Mimi ni Merle, na duka ni langu, na leo sikuuzii."

Aliwaomba wawindaji radhi, akawatoa, akageuza kibao cha mlangoni. Kisha akarudi, akasimama karibu na rafiki yake, akauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu maishani mwake.

"Gus, unataka kujiua?"

Jiko la kuni lililia kidogo. Gus alifungua mdomo kutukana, lakini kilichotoka hakikuwa tusi. Alikaa chini katikati ya duka na koti lake zuri, akalia kama mtu anayetapika.

"Nyumba imenyamaza, Merle," alisema baadaye. "Natengeneza kahawa ya watu wawili. Kila siku naimwaga ya mmoja."

"Njoo uimwagie hapa."

"Usinifanyie ushujaa. Wewe si Jaji wa Vumbi. Huwezi kuniokoa."

"Nani kasema naokoa mtu? Mgongo unaniuma, siwezi hata kukuinua hapo ulipo. Inuka mwenyewe, Noreen ana mchuzi wa maharagwe na soseji."

Aliinuka. Walikula, na mchana huo huo Noreen akawaendesha wote wawili kwa daktari. Kabla jua halijazama walipitia shambani kwa Gus. Merle hakuingia. Alisubiri uani mpaka Gus mwenyewe akatoa bunduki zake, moja moja, akazilaza nyuma ya gari.

"Ni zako," Merle alimwambia. "Nazitunza tu. Siku ukizitaka na daktari akiona sawa, hutaniomba mara mbili."

Haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa. Kuna wiki Gus alikataa kabisa kuongea naye, akimwona ng'ambo ya barabara anageuza shingo. Na mjini maneno yalitembea. Boyd wa kituo cha mafuta alimwuliza mbele ya watu, "Eti siku hizi tukija kununua bunduki unatupima kwanza kwa macho?"

"Wewe nilishakupima, Boyd. Huna hatari kwa yeyote ila kwa pai za mke wangu."

Watu walicheka, na Merle naye, ingawa usiku mmoja au miwili alijiuliza kama babu yake angemwelewa. Mwishowe aliona kwamba aliyehesabiwa kuwa mtu ana deni la kuwahesabu wenzake. Maandishi ya ukutani aliyaacha palepale, na aliyaamini vilevile.

Majira ya kuchipua, kondoo wakaanza kuzaa. Gus alipiga simu asubuhi, sauti yake kali. "Merle, nina mikono miwili na kondoo wote wameamua kuzaa leo. Funga hilo duka lako!"

Walifanya kazi mpaka nguo zikanata. Biscuit, aliyerudishwa na jirani, alizunguka akibweka kama msimamizi. Kondoo mmoja alimkataa mwanawe, na Gus akamshikilia mama huyo kwa subira, akimnong'oneza, hadi mtoto alipoipata chuchu na mkia wake ukaanza kutikisika.

"Tazama huyo!" Gus alisema, akacheka kwa sauti.

Merle, aliyekaa juu ya majani makavu huku mgongo ukimlaumu, alifuta mikono kwenye suruali. Alimtazama mtoto yule akinyonya, jua likimchoma shingoni, akaona hana pengine anapotaka kuwa.