Bibi Adalgisa Avishwa Shanga

Jurandir aliondoka mji wao mdogo wa Cachoeira akiwa kijana wa kawaida, mpenda mpira na mvivu wa kuamka. Jiji la São Paulo likamrudisha mjukuu wa mganga. Mchapishaji wa vitabu vya katuni alimuuliza tu kama kwao kuna mizimu, naye, kwa kuogopa kuonekana mtu asiye na asili, akajibu, "Tele!"

Haya, akachora, kitabu kikatoka. Marehemu bibi yake, Adalgisa, alikuwa humo na shanga hadi kiunoni, macho meupe, akipandisha mashetani na kumtokea mjukuu kila mwezi mpevu. Wasomaji wa São Paulo walilia kweli kweli. Wanaipenda mizimu, wale, mradi iwe ya watu wengine.

Sasa alikuja kukizindua nyumbani. Alichohitaji ni Shangazi Edelzuita, binti pekee wa marehemu, aseme mbele ya wageni kwamba huyu wa kitabuni ndiye mama yake. Bila hivyo mji mzima ungemcheka, tena kwa haki.

Shangazi alivaa miwani, akafunua kurasa.

"Huyu nani?"

"Bibi, Shangazi."

"Bibi wa nani? Mama yangu alikuwa mlokole, sketi inafagia sakafu! Ngoma ya mizimu ya binamu yako aliitia moto mchana kweupe. Leo umempamba kama mti wa Krismasi?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Ni sanaa, Shangazi. Nilitaka kuonyesha upande wake wa siri."

"Siri!" Shangazi alimvuta sikio, akanong'ona kwa sauti iliyofika mlangoni. "Siri yake si unayo? Baba yako alipougua utotoni, nani aliwawekea nadhiri mapacha watakatifu, wale waponya watoto ambao mlokole hatakiwi hata kuwataja? Kila Septemba nani alifunga madirisha, akapika bamia kwa mawese na kamba, huku akiimba pambio kwa nguvu ili mchungaji adhani ni ibada? Watoto saba wakala kwanza, sakafuni, kwa mikono, kama inavyotakiwa. Wa saba alikuwa nani, wewe mtoto?"

Yote yalimrudia Jurandir kwa mkupuo: sakafu ya baridi, mawese yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, na kiganja cha bibi kinachonuka kitunguu kikimziba mdomo asicheke. Bibi aliyewaogopa mchungaji na mapacha kwa kipimo kimoja, na bado akapika. Hayo yote alikuwa nayo, akaenda kubuni shanga. Aliona aibu.

"Mama yangu nilimzika mara moja," Shangazi alisema. "Wewe umemzika tena, na nguo si zake."

Akakifunga kitabu, akakiweka mezani kifudifudi.

Mama mmoja mgeni, aliyeingia wakati huo huo bila kusikia lolote, alisogea na nakala yake kutaka sahihi.

"Niambie ukweli, mwanangu. Bibi yako huwa anakutokea kweli?"

Jurandir alishika kalamu, asiandike.

"Leo ndiyo mara ya kwanza," alisema. "Na amekasirika."