Nanga kwenye Mkono wa Urbanus

Kicheko cha Gaudiosa kilisikika kutoka uwanja wa kuanikia singa, zile nyuzi za mkonge, mpaka mlangoni mwa korona, na korona, ile mashine kubwa ya kukamulia majani ya mkonge, haikuwa mashine ya kunong'ona. Wanyapara walishamzoea. Akianza kucheka asubuhi, walijua mbuzi wa mtu amekimbia na fungu la singa kichwani, au mwenzake kajikwaa.

Alikuwa mjane, miaka yake thelathini na kitu, hana mtoto. Mume wake alikufa kwa homa wakati wa vita. Baada ya msiba alikuja kukaa na kaka yake Vitalis, nyapara wa wakata mkonge, kwenye kambi ya shamba moja nje kidogo ya Kilosa. Wanaume wawili watatu waliwahi kuleta posa. Gaudiosa aliwapikia chai, akawasikiliza, akacheka, nao wakaaga kabla chai haijapoa.

Haya ninayoyasimulia yalitokea Waingereza wakiwa bado wanatawala, mkonge ukiwa na bei na kambi zimejaa watu wa kila kabila. Mke wa dresa, mganga wa zahanati ya shamba, Mama Letisia, alianzisha klabu ya wanawake. Walikutana Jumapili mchana kwenye baraza ya zahanati. Letisia alikuwa mzaliwa wa Bagamoyo, na kufuma alifundishwa na masista. Sindano za kufumia hazikuwepo, kwa hiyo walinoa spoki za baiskeli kwenye jiwe. Sufu nayo haikuwepo, kwa hiyo miezi ya kwanza walijifunzia singa zilizosokotwa. Vidole viliwawasha mpaka wakawa wanafuma huku wanajikuna, na kitambaa cha kwanza cha Gaudiosa kilisimama chenyewe juu ya meza kama bati.

Hatimaye garimoshi likaleta sufu kutoka Dar es Salaam. Walifungua mfuko kwa vigelegele. Ndani mlikuwa na rangi mbili tu, buluu na nyeupe.

"Rangi za bahari hizi," alisema Letisia, macho yakimng'aa. "Basi tutafuma blanketi la bahari, tuwapelekee akina mama wanaojifungua nyumba ya wazazi pale mjini. Kila mtu kipande chake cha mraba, na kila kipande na picha yake. Halafu tutaviunga."

"Picha?" wanawake walishtuka. "Sisi hata mstari unatupinda!"

"Ni rahisi. Uzi ni mmoja tu, hubadilishi. Mshono laini mnaujua, na mshono wa nundu mnaujua. Kipande chote unafuma laini, ila penye picha unaweka nundu. Nundu zikikaa pamoja, picha inajitokeza yenyewe."

Wakaanza kugombea picha. Samaki alikwenda kwa Filomena, jirani yake Gaudiosa, kwa sababu Filomena alisema samaki wa mto Mkondoa na wa baharini ni ndugu. Wengine walichukua nyota, mashua, kaa. Gaudiosa alikuwa bado anamcheka mwenzake aliyeuliza kama kaa ana mkia, na alipotulia ikawa imebaki nanga peke yake.

"Nanga ndiyo nini?"

"Chuma kizito," alisema Letisia. "Meli ikifika, wanakitupa majini ili isiondoke."

"Kumbe breki!"

"Haya, breki."

"Ikoje sasa?"

Letisia alijua kufuma lakini kuchora hakujua. Alichora kwa chaki sakafuni, na kilichotokea kilikuwa kama jogoo aliyekanyaga jembe. Baraza nzima ililia kwa kucheka. Ndipo Filomena akasema, "Mbona mlinzi wa stoo, Urbanus, anayo mkononi? Imechorwa kwenye ngozi kabisa, hapa juu."

Wote wakamgeukia.

"Umeuonea wapi mkono wa Urbanus?" aliuliza Gaudiosa.

"Alikuwa anaoga mtoni. Mimi nilikuwa nachota maji! Maji, jamani!"

Siku hiyo hakuna aliyefuma tena.

Urbanus alikuwa Mvidunda wa Kidodi, mtu mrefu, mkimya, askari wa zamani aliyepigana Burma. Joto liwe kali namna gani, yeye huvaa shati la mikono mirefu na kufunga vifungo vyote. Jumatatu, kazi ilipokwisha, Gaudiosa alimkuta mlangoni pa stoo.

"Bwana Urbanus, habari za kazi?"

"Nzuri, mama. Karibu."

"Nimekuja kuuona mkono wako."

Rungu likamdondoka Urbanus. "Mkono wangu umefanyaje?"

"Wanasema una nanga. Mimi nimepewa nifume nanga na sijawahi kuiona maisha yangu."

Urbanus alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha taratibu akakunja shati. Ilikuwepo kweli, ya wino wa buluu, na kitanzi juu na ndoano mbili chini.

"Mimi nilitaka simba," alisema kwa sauti ya chini.

"Simba?"

"Tulikuwa Bombei, tunangoja meli. Fundi wa kuchora ngozi hajui Kiswahili, mimi sijui lugha yake. Basi nikamngurumia hivi: Ngrrr! Akaitikia kwa kichwa, mimi nikafumba macho kwa maumivu. Kufumbua, nanga. Wenzangu walinicheka tangu Bombei mpaka Mombasa. Ndiyo maana nafunga vifungo."

Gaudiosa alijaribu kujizuia, maana mtu alikuwa amemfungulia moyo. Alishindwa. Alicheka mpaka akakaa juu ya robota la mkonge, akashika mbavu, akaomba msamaha, akacheka tena. Urbanus alimtazama kwa hofu, halafu mdomo ukamcheza, halafu naye akaangua kicheko kikubwa ambacho hakuna mtu kambini aliyewahi kukisikia. Paka wa stoo alikimbia.

Walipotulia, Gaudiosa alitoa karatasi ya viboksi aliyopewa na Letisia, akaanza kupima nanga kwa kipande cha uzi. Kiboksi kimoja, mshono mmoja. Lakini Urbanus alikuwa na mtekenyo wa ajabu. Uzi ukimgusa tu, anajikunyata.

"Usikunje mkono! Ukikunja nanga inanenepa!"

"Na wewe usinitekenye!"

Hapo hapo akatokea Vitalis, amekuja mbio, jasho linamtoka. Watu walishamwendea kumwambia dada yake anamshikashika mlinzi mchana kweupe.

"Mnafanya nini?"

"Shikamoo kaka. Nahesabu mishono."

"Marahaba. Mishono gani, kwenye mkono wa mtu?"

"Nanga hii. Nyoosha mkono, Bwana Urbanus, kaka aone."

Vitalis alisogea, akainama, akaikagua nanga ile kwa muda mrefu na uso wa kikazi. "Na hii ndoano ya kushoto," alisema mwishowe, "mbona kwenye karatasi umeichora fupi?"

Wiki hiyo Gaudiosa alirudi stoo karibu kila jioni. Mara amesahau kitanzi cha juu, mara hana hakika na ndoano. Alifuma amekaa juu ya robota, na Urbanus alimshikia donge la uzi kama aliyeshikishwa yai.

Jumapili alikileta kipande chake barazani, cha buluu, kikiwa kimekamilika. Letisia alikitandaza, akashika kichwa. "Gaudiosa! Karatasi ya kufumia inasomwa kuanzia chini kwenda juu. Wewe umeisoma kama barua, kuanzia juu. Nanga imepinduka, miguu juu!"

Wote wakaguna kwa huruma. Gaudiosa alikiangalia kipande, akainamisha shingo huku na huku. Kisha akakishika pembeni, akakigeuza.

"Na sasa?"

Nanga ilisimama sawasawa. Letisia ndiye aliyeanza kucheka safari hii, na ikabidi amwagiwe maji.

Blanketi liliungwa, na siku ya kulikabidhi walilitundika nje ya nyumba ya wazazi ili watu walione. Urbanus aliomba ruhusa kazini. Alikuja na shati jeupe, mikono ameikata mifupi kabisa, akasimama karibu na kipande cha buluu kutwa nzima. Kila aliyepita alimwonyesha ile ya sufu, kisha ile ya ngozi. "Huyu mama ndiye kaifuma," alisema, kifua mbele.

Jioni, watu walipoanza kutawanyika, alimsogelea Gaudiosa.

"Kazi imekwisha sasa. Kesho utakuja stoo kuangalia nini?"

"Kwani huna mkono mwingine?"

"Huo hauna kitu."

"Basi nitauangalia hivyo hivyo."

Urbanus alisimama wima kama askari aliyeitwa paredi ghafla. Halafu akakimbia, kweli kweli, mtu mzima na urefu wake, kwenda kumtafuta mshenga. Posa ilipofika, Gaudiosa alipika chai kama kawaida yake, akasikiliza. Safari hii hakucheka. Alilia, akashangaa mwenyewe kwa nini analia, na Vitalis akamwambia mshenga, "Andika ndiyo, kabla hajabadilika."

Walifunga ndoa kanisani Kilosa masika yakiwa yamepamba moto. Shamba liliwaazima trekta na tela lake. Njiani kurudi kambini tela lilizama kwenye tope, dereva akakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka bure na kuwarushia matope maharusi. Bibi harusi akaruka chini, akafunga gauni kiunoni.

"Gaudiosa, kaa!" alipiga kelele Letisia. "Bibi harusi hasukumi tela!"

"Asukume nani? Nyinyi mmekula pilau!"

Akatia bega. Urbanus naye akaruka, akatia bega karibu yake. Klabu nzima ikashuka, Filomena mbele akiongoza wimbo, na tela likachomoka ghafla kiasi kwamba wote waliokuwa nyuma wakalala kifudifudi. Trekta likaenda zake likiwa na Vitalis peke yake juu ya tela, amekumbatia sufuria la nyama na kupiga kelele lisimame, na barabara nzima ya Kilosa ikasikia maharusi wanavyocheka.